Wimbo Niliomwimbia Mama Noela

Jumapili, 6 Oktoba

Binti yangu Loveness kaniletea daftari hili kutoka Shinyanga, anakouza vifaa vya shule pale Kambarage. Kasema, "Baba, kila nikija nyumbani watu wananilalamikia majigambo yako. Jigambe humu. Karatasi haina masikio." Sawa. Naanza.

Mimi ni Bujiku wa kitongoji cha Nyabusalu, nusu saa kwa bodaboda kutoka Rwamgasa. Shule niliiacha darasa la tano, na niliiacha mimi, yenyewe ilikuwa bado inanipenda. Ng'ombe wa baba walikosa mchungaji. Lakini dunia nimeisoma. Nimechimba Mererani, nimechimba Chunya, nimefika Lubumbashi nikala nyama ambayo mpaka leo sijui ilikuwa ya mnyama gani. Na juu ya yote mimi ni ningi. Asiyejua ningi, basi ni huyu: mtunzi na kiongozi wa ngoma, anayesimama mbele na kumsifu mtu mpaka mtu ajione amerefuka. Geita nzima sina mpinzani. Labda mmoja, lakini siku hizi anaumwa.

Mvua bado.

Jumanne, 8 Oktoba

Ng'ombe wetu mweusi kafa. Alikunywa maji ya kisima cha bondeni. Mke wangu Limi kalia kama kafiwa na wifi yake.

Alhamisi, 10 Oktoba

Leo wanawake wote wa Nyabusalu walikaa chini kando ya kisima, hawateki, hawaondoki. Sababu ni mwalo wa Ngassa. Ngassa ana karasha la kusaga mawe ya dhahabu, na mwalo wake, yaani bwawa la kuoshea mchanga na zebaki, ameuweka juu ya mteremko. Kisima kiko chini ya mteremko. Maji hayajasoma siasa, yanateremka tu.

Aliyewakalisha ni Mama Noela. Huyu jina lake ni Philomena, mjane wa rafiki yangu Mayala, Mungu amlaze pema. Anapikia wachimbaji chakula pale karashani. Ngassa alipokuja kuangalia, mama huyu alisimama na mwiko wake mkononi akasema, "Ngassa, mimi nakupikia. Maji ninayokupikia ni haya. Mimi nayanywa, na wewe unayanywa. Sasa nani mjinga kati yetu?" Watu walicheka mpaka Ngassa mwenyewe akacheka. Lakini mwalo hajauhamisha.

Wakati wa kurudi nikasikia akina mama wanasema: mwezi ujao tunachagua mwenyekiti wa kitongoji, kwa nini asiwe huyu? Nikasema moyoni, Bujiku, umepata kazi.

Jumapili, 13 Oktoba

Nilikwenda kwa Mama Noela baada ya ibada. Alikuwa anachambua mchele. Nikamwambia habari ya uenyekiti, akaendelea kuchambua.

"Shemeji," akasema, "unajua mimi nilikotoka."

"Najua."

"Basi usiniulize."

Niandike hapa maana karatasi haina masikio. Mama Noela hakuzaliwa nchi hii. Alivuka kutoka Burundi mwaka wa vita, akiwa na miaka tisa. Mama mmoja Msumbwa wa Masumbwe aitwaye Nyamizi alimwokota barabarani akamlea kama wake, akamwoza kwa Mayala. Karatasi ya uraia hana. Mayala alikuwa akisema kila mwaka, "Tukivuna pamba tutaenda kuomba." Pamba tulivuna, yeye akafa.

Kuna na jambo jingine alilonieleza mbele ya kitanda cha Mayala akiwa mgonjwa. Alisema, "Hili liache hapa hapa chini ya bati hili." Hilo siandiki. Bujiku ana mdomo mkubwa, lakini una mlango.

Nikamwambia, "Shemeji, miaka thelathini na moja! Mume umemzika hapa, Noela umemzaa hapa. Nani atakuuliza?"

"Fomu itaniuliza."

"Fomu ni karatasi."

Akaokota kokoto moja kwenye mchele, akaitupa. Akasema, "Kama nikipata kile kiti, mwalo utahama?"

"Ndani ya wiki."

"Watoto wa hapa wanakunywa yale maji, shemeji." Hapo nikajua ameshakubali.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nilikwenda Masumbwe kununua majembe kwa Champaklal. Huyu mzee ana duka toka mimi sijaota ndevu. Babu yake alitoka Uhindini. Ukutani, juu ya misumari na makufuli, ameweka ndani ya kioo karatasi ya uraia ya baba yake.

Nikamwambia kwa kujidai, bila kutaja jina, kwamba nina mgombea, mama hodari, kazaliwa ng'ambo kidogo lakini ni wetu. Champaklal akaacha kuhesabu majembe.

"Karatasi yake iko?"

"Mzee, yule ana watu. Mwenye watu karatasi ya nini?"

"Bwana Bujiku," akasema, "mimi pia nina watu. Harusi yangu walikuja mia tisa. Lakini ile," akaonyesha ukutani, "ile ndiyo imelala na mimi miaka yote. Nyumbani nina karatasi mpaka ya paka."

Nilicheka njia nzima ya kurudi. Karatasi ya paka!

Mvua bado.

Jumanne, 22 Oktoba

Tumejaza fomu kwa mtendaji wa kijiji, kijana anaitwa Davis, mpole, shati limechomekwa. Penye "mahali pa kuzaliwa" Mama Noela alisimamisha kalamu. Davis alikuwa amegeuka anatafuta mhuri. Nikamnong'oneza, "Masumbwe." Akaandika Masumbwe. Penye "mimi ni raia wa Tanzania" akatia sahihi polepole, kama mtu anayeshona.

Tukiwa nje akasema, "Nimeandika uongo."

"Umeandika mapenzi."

"Shemeji, wewe kila kitu unakitia chumvi."

Wagombea ni wawili tu, yeye na Ngassa.

Ijumaa, 25 Oktoba

Mvua bado. Beti mbili zimetoka, tamu.

Jumatatu, 28 Oktoba

Noela kapiga simu, anasomea uuguzi Shinyanga. Kasema, "Baba mdogo, mwangalie mama." Nikamwambia lala usingizi mwanangu, mama yako yuko mikononi mwa Bujiku.

Ijumaa, 1 Novemba

Majina yamebandikwa. Davis katangaza: mwenye pingamizi kwa mgombea yeyote alete kwa maandishi kabla ya Jumatatu saa sita mchana. Nikapaza sauti, "Labda aje mwenye pingamizi juu ya wali wake!" Watu wakaangua kicheko. Mama Noela hakucheka.

Jumamosi, 2 Novemba

Leo ni siku ya kuandikwa na wino wa dhahabu, na hapa dhahabu ipo.

Ilikuwa siku ya mnada wa ng'ombe. Sasa kwetu desturi ni hii: ngoma mbili zinapigwa saa moja, uwanja mmoja, hakuna mwamuzi. Watu wenyewe ndio waamuzi. Ngoma tamu wanaihamia, ngoma chungu wanaihama. Mwisho wa siku unahesabu migongo na nyuso, unajua nani kashinda. Upande mmoja nilisimama mimi kumsifu Mama Noela. Upande wa pili Ngassa alileta ningi kutoka Shinyanga vijijini, kijana mwenye sauti ya kawaida tu. Lakini alikuja na chatu.

Chatu mzima! Mrefu kama bomba la maji. Anamvaa shingoni, anambusu, anamlaza kichwani. Mimi nina maneno, mwenzangu ana nyoka. Nikaimba ubeti wa wali wa Mama Noela, watu wakaondoka kumi. Nikaimba ubeti wa kisima, wakaondoka hamsini. Nikageuka nikaona nimebaki na Limi, wapiga ngoma wangu, na mbuzi watatu ambao walikuwa wa mnada.

Limi akaniambia, "Mume wangu, leo tumeshindwa, twende tukanywe uji."

Mimi? Mimi Bujiku nishindwe na mnyama asiye na miguu? Mama Noela alikuwa amesimama peke yake pembeni ya zizi, mikono kwenye khanga, anatabasamu ili nisione aibu. Lile tabasamu lilinikata. Nikasema huyu mama hawamjui. Wangemjua wasingeangalia nyoka. Nikasimamisha ngoma. Nikaanza bila ngoma, sauti tupu:

*Mnamwona mpishi, mimi naona jeshi.*
*Malagarasi alivuka, maji yamemfika shingoni,*
*miaka tisa mwilini, mtoto yuko mgongoni.*
*Pantaleo yuko mgongoni, amelala, amelala.*
*Ng'ambo alipomshusha, Pantaleo hakuamka.*
*Aliyebeba mauti akidhani ni usingizi,*
*kitongoji kitamlemea?*

Mtu mmoja akageuka. Halafu watu kumi. Halafu uwanja mzima ukageuka kama majani ya mtama yakipigwa na upepo. Nikarudia. Wanawake walikuwa wanalia, simu zimeinuliwa juu, wachimbaji wenye mikono kama nondo wanajifuta macho. Yule kijana alibaki na chatu wake, wawili tu, wanatazamana. Na hapo, Mungu ni shahidi, mvua ya kwanza ikadondoka. Nimeimba mpaka mvua imenyesha!

Nilimtafuta Mama Noela anipongeze, sikumwona. Atakuwa amewahi kuanua mihogo yake.

Jumapili, 3 Novemba

Mama Noela hajaenda karashani kupika. Limi hajanisemesha toka jana.

Nilikwenda kwake saa nne. Mihogo ilikuwa nje bado, imelowa. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, hakunikaribisha. Nikasema, "Shemeji, jana tumeshinda."

Akasema, "Nilikwambia liache chini ya bati."

Nikasema watu walilia, wamempenda, hakuna atakayempa kura Ngassa. Akaniacha nikaongea mpaka maneno yakaniishia, na mimi maneno hayaniishii. Halafu akasema:

"Toka nimemshusha pale ng'ambo, sijalitamka jina lake mbele ya mtu. Mayala nilimwambia. Wewe ulikuwepo. Basi. Nilimzika kwa mikono yangu, udongo ulikuwa wa mchanga, haukukaa vizuri. Jana wewe umemfukua ili umshinde nyoka."

Niliokota ile mihogo, nikaanza kuianika upya. Akasema, "Acha, shemeji. Nenda nyumbani."

Mpaka naandika hapa nawaza huyo mtoto tu.

Jumatatu, 4 Novemba

Saa tano na nusu Ngassa kapeleka pingamizi. Ushahidi: wimbo wangu, kwenye simu, pale niliposema alivuka Malagarasi. Jana karatasi sikuiwaza hata kidogo.

Mvua kubwa.

Jumanne, 5 Novemba

Sijala.

Nimepata njia. Nyimbo ni uongo! Kila mtu anajua ningi hutia chumvi. Mwaka juzi niliimba kwamba Ngassa ana ng'ombe elfu, ana sabini. Nitakwenda kesho niseme nilibuni yote, mto, mtoto, jina. Yeye aseme tu, "Sina ndugu aitwaye Pantaleo." Limekwisha. Nimemtuma Limi akamwambie. Limi karudi, kasema, "Amekusikia." Nikauliza, "Amekubali?" Kasema, "Nimesema amekusikia."

Jumatano, 6 Novemba

Shauri lilisikilizwa darasani, shule ya msingi. Mezani, mbele, walikaa watu watatu wa kusikiliza pingamizi, pamoja na Davis. Sisi tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Ngassa alikaa nyuma yangu.

Davis aliweka simu juu ya meza akaifungulia. Nimeimba maisha yangu yote, sijawahi kujisikiliza. Sauti yangu ni nzuri. Niliichukia.

"Hii sauti ni yako, Mzee Bujiku?"

"Ni yangu. Lakini maneno ni ya uongo. Mimi ni ningi. Nimetunga. Hakuna mto, hakuna mtoto."

Watu nyuma wakaguna. Mwenyekiti wa kikao akauliza, "Unasema wewe ni mwongo?"

"Mkubwa sana, ndugu mwenyekiti. Uliza mtu yeyote humu. Lubumbashi sikufika, niliishia Kasumbalesa, mpakani."

Hilo ni kweli, sikufika. Sijawahi kumwambia mtu. Watu walicheka, na mimi nilifurahi walipocheka, nikaona tumepona.

Kisha wakamgeukia yeye. Davis alimuuliza kwa upole, macho yako kwenye karatasi, na mimi naapa alikuwa anamfungulia mlango. "Mama Noela. Mzee huyu kasema ametunga. Wewe useme tu neno moja tuandike. Je, Pantaleo yupo, au hakuwahi kuwepo?"

Mvua ilikuwa inapiga bati. Aliangalia ubaoni, palikuwa na hesabu za darasa la tatu hazijafutwa. Nilikuwa namwomba moyoni: sema hakuwepo. Neno moja. Shemeji, sema hakuwepo.

Akasimama. Kile kidawati kidogo kikaanguka nyuma yake.

"Alikuwepo," akasema. "Alikuwa na miaka mitatu. Alikuwa anapenda kunishika sikio anapolala. Nimeandika uongo kwenye fomu yenu, nisameheni. Lakini kusema hakuwepo siwezi. Mimi nikisema hakuwepo, nani mwingine atasema alikuwepo?"

Nilisikia nyuma yangu Ngassa anasema taratibu, "Yesu wangu."

Jina lake limefutwa kwenye orodha.

Alhamisi, 7 Novemba

Mvua.

Jumanne, 12 Novemba

Maofisa wa uhamiaji wamekuja na gari jeupe. Hawakumsukuma, hawakumtukana. Yule mkubwa wao alimwambia, "Mama, ungeomba mwaka wowote huko nyuma tungeongea mengine. Sasa umeshajaza maelezo ya uongo, hili limekuwa jambo la sheria." Mama Noela akaomba aagane na watu.

Aliwaaga wanawake mmoja mmoja, kwa Kisukuma, "Wabeja, mayu, wabeja," yaani asante, mama, asante. Aliwapa funguo, akawaonyesha mchele uko wapi. Alipofika kwangu alisimama. Nikasema, "Shikamoo." Sijui kwa nini. Mimi ni mkubwa kwake miaka kumi na saba. Mdomo ulitafuta heshima ukakuta hiyo tu.

Hakuitika. Alinitengeneza kola ya shati, imekunjamana, akaingia garini.

Jumatatu, 18 Novemba

Nimekwenda Geita mjini, anakoshikiliwa Mama Noela, na wali wa Limi kwenye hotpoti. Wamepokea chakula, hawakuniruhusu nimwone. Noela alikuwepo toka Ijumaa, amekaa kwenye benchi na sare yake ya uuguzi. Aliniamkia vizuri, "Shikamoo baba mdogo." Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Kwa ile salamu sikuwa nimejiandaa.

Nikamwambia, "Mwanangu, ni mimi."

"Najua. Nimeona ile video. Kila mtu chuoni ameiona." Akanyoosha sare yake magotini. "Unajua mimi nilikuwa sijui kwamba nilikuwa na mjomba? Nimemjua kwenye simu, baba mdogo. Wewe ndiye umenijulisha. Sasa sijui nikuchukie kwa lipi, nikushukuru kwa lipi."

Tulikaa. Tukala ule wali sisi wawili, maana baadaye hotpoti waliirudisha imejaa. Mama yake alisema tule.

Jumatano, 20 Novemba

Masumbwe. Champaklal kafunga duka saa moja kabla ya muda wake, kanipikia chai mwenyewe. Hakusema "nilikwambia." Kaniandikia kwa mkono wake barua ya kusema anamfahamu Philomena toka ni binti wa Nyamizi, kapiga na mhuri wa duka. Kasema, "Haitasaidia. Lakini karatasi iwepo." Niliipeleka Geita. Waliisoma, wakaiweka kwenye faili.

Jumatano, 27 Novemba

Kura. Ngassa peke yake. Sikwenda.

Jumapili, 1 Desemba

Ngassa kaja nyumbani, mwenyekiti mpya, viatu vimejaa tope. Nilikuwa nimejiapiza akikanyaga hapa nitamtungia wimbo ambao hata wajukuu zake watahama mkoa. Limi alimpa kigoda.

"Ngosha," akaniambia, yaani mwanaume mwenzangu, "mimi nilitaka kiti. Sikutaka aende."

"Ulifikiri pingamizi ni barua ya mwaliko?"

"Nilifikiri watamfuta jina, kesho yake atanipikia na kunitukana kama kawaida." Alikuwa anakwangua tope kwenye kiatu kwa kijiti. "Jana nilikwenda Geita kusema naondoa pingamizi. Wakaniambia, Mwenyekiti, hili si lako tena. Bujiku, mimi nilikaa nyuma yako kwenye lile darasa. Nilisikia habari ya sikio. Mimi nina mtoto wa miaka mitatu."

Nilimtazama. Toka Oktoba nimemwandika kama shetani, na kumbe ni mtu mnene aliyekosa usingizi, kama mimi. Mmoja aliimba, mmoja akaandika barua. Tungeweza kugawana lawama nusu kwa nusu, lakini haipungui. Kila mtu anabaki na nzima.

Nikamwambia, "Mwalo?"

"Nitauhamisha kabla ya masika."

"Andika." Nikampa daftari hili. Kaandika mwenyewe hapa chini:

*Mimi Ngassa nitahamisha mwalo kabla ya mwezi wa tatu.*

Na sahihi. Nimejifunza kwa Champaklal. Nimechelewa, lakini nimejifunza.

Alhamisi, 5 Desemba

Wamempeleka mpakani, Ngara. Noela alifuatana naye mpaka kwenye kizuizi. Kasema mama alikuwa na mfuko mmoja, na alivuka kwa miguu, na hakugeuka. Kasema alikuwa amerudisha mkono mmoja nyuma, kwenye mgongo, kama mtu anayeshikilia mtoto asianguke.

Mvua toka asubuhi.

Jumatatu, 9 Desemba

Shamba lake, ekari mbili, magugu yamefika magotini. Nimepita nikapita tena.

Jumamosi, 14 Desemba

Leo tumelima shamba la Mama Noela. Kwetu kundi likilima hulima bugobogobo: majembe yanapanda pamoja, yanashuka pamoja, ngoma kando, ningi mbele anaimba. Walikuja watu arobaini. Wanawake wa kisimani, wachimbaji aliokuwa akiwapikia, Noela kutoka chuoni, Davis na shati lake, kwa mara ya kwanza limechomoka. Ngassa alikuja na jembe jipya la kwa Champaklal.

Walijipanga, wakanitazama mimi. Mpiga ngoma akainua mikono, akangoja. Nikatikisa kichwa. Akashusha mikono. Basi tukalima kimya, watu arobaini, sauti ya majembe na pumzi. Ekari moja nzima. Wazee walisema hawajawahi kuona. Lilikuwa kama shamba la wafungwa.

Karibu na saa tano simu ya Noela ikalia. Namba ya Burundi. Akaongea kidogo, halafu akaja kwangu kwenye mstari akaniwekea sikioni.

"Shemeji," akasema. Sauti ilikuwa mbali, inakuja na kurudi.

Nilipiga magoti kwenye tope. "Shemeji. Marahaba," nikasema, ingawa hakuwa ameniamkia. Nikasikia kama anacheka.

"Mvua imenyesha?"

"Imenyesha mpaka imejisahau. Tunalima kwako."

"Noela kaniambia. Mimi niko kwa masista, napika." Nikasikia sufuria zikigongana. "Shemeji, Kirundi changu ni cha mtoto wa miaka tisa. Nikiongea sokoni watu wazima wananicheka. Wananiita Mtanzania."

Nilimweleza habari ya mwalo, kwamba nina maandishi ya Ngassa. Akasema, "Vizuri. Watoto watakunywa." Halafu akauliza, "Mbona kimya huko? Nasikia majembe tu. Hamwimbi?"

"Siimbi tena, shemeji. Mdomo nimeufunga."

"Watu wanalima shamba langu kama wanachimba kaburi?"

"Nisamehe."

Upepo ulivuma kwenye simu. Nilidhani imekatika. Kisha akasema, polepole, kama mtu anayechambua mchele:

"Imba, shemeji. Mimi nasikiliza. Lakini usinitaje. Wala yeye usimtaje. Tuache."

Nilimrudishia Noela simu, akaishika juu, mkono umenyooka. Nikasimama mbele ya mstari. Mpiga ngoma akaanza. Nikaimba habari ya mvua, ya jembe, ya mahindi yatakayoota, ya mama mmoja aliyepanda hapa. Kila nilipofika mahali pa kuweka jina niliziba mdomo, na watu, bila kuambiwa, wakapiga majembe ardhini yote kwa pamoja, mara moja, *du*, pale pale penye jina. Kisha tukaendelea.

Tumemaliza ekari ya pili saa nane. Simu ya Noela ilikuwa bado hewani.